Kuwatambua mbawakawa wa vito kandokando ya Lubumbashi: anza na umbo, mti na shimo, rangi iwe ya mwisho

Anayemshika mbawakawa wa vito kwa mara ya kwanza huanza na rangi, na hapo ndipo anapopotea. Kijani cha kung'aa wanacho pia dundu wa maua, wadudu wadogo wala majani na hata nzi. Isitoshe, mdudu yuleyule huonekana kijani ukimtazama kutoka juu na mwekundu wa shaba ukimwinamisha. Familia yake kitaalamu ni Buprestidae. Ina spishi karibu 15,000 duniani, na nyingi si za kijani kabisa: ni nyeusi, za kahawia, au za kijivu chenye mng'ao kidogo tumboni. Ukitafuta kijani peke yake utawapita wengi waliotulia kwenye gome mbele ya macho yako.

Kwanza hakikisha ni yeye

Mshike ubavuni kwa vidole viwili na utazame papasi, yaani zile nyuzi mbili za kichwani anazopapasia. Za mbawakawa wa vito ni fupi, zina vipande 11, na ukingo wake una meno ya msumeno. Papasi zikiishia kwa vijikurasa vinavyofunguka, huyo ni dundu wa maua. Zikiwa ndefu kuliko nusu ya mwili, yuko katika jamii ya papasi ndefu, ambayo nayo hula miti.

Kisha mlaze chali kwenye meza. Kuna jamii nyingine, Elateridae, inayofanana sana na hii kwa umbo. Hao hujirusha juu kwa mlio mkavu. Mbawakawa wa vito hawezi, kwa sababu kifua chake kimekazana na sehemu ya nyuma bila nafasi ya kukunjika. Wakati yuko chali, hesabu bamba za tumbo. Ni tano, na mbili za mwanzo zimeungana: ukizigusa kwa ncha ya sindano hazichezi. Alama hii haidanganyi, hata kwa mdudu mkavu aliyepoteza papasi na miguu.

Mengine ni ya kuthibitisha tu: macho makubwa, kichwa kilichozama ndani ya kifua, mabega mapana na mwili unaochongoka kuelekea nyuma. Ganda ni gumu kiasi kwamba sindano nyembamba hupinda kabla ya kupenya.

Tahadhari moja kabla ya kukamata chochote kwenye maua. Mbawakawa wenye mabawa laini, mistari ya njano na nyeusi, na shingo inayoonekana wazi kati ya kichwa na kifua ni wa familia ya Meloidae. Maji yao yana kantharidini, sumu inayotoa malengelenge kwenye ngozi na kuua ikimezwa. Usiwashike kwa mkono mtupu, na mkono uliowagusa usiufikishe kwenye jicho.

Rangi inatoka wapi

Kijani cha malakite inayochongwa na kuuzwa mjini ni cha shaba iliyomo ndani ya jiwe. Kijani cha mbawakawa hakitokani na shaba. Ganda lake lina tabaka nyembamba mno zilizolaliana. Mwanga unaporudi kutoka kila tabaka, rangi fulani huimarika na nyingine hufutana. Ndiyo maana rangi huhama ukimgeuza. Madoa yasiyohama ni rangi ya kawaida ndani ya ganda, na yanayofutika kwa kidole ni unga ambao mdudu mwenyewe ameutoa, au nywele. Tofauti hii ina faida shambani: unga na nywele ni alama za spishi, na ukimsugua mdudu ili ang'ae umefuta alama hizo.

Rangi ya tabaka haipauki. Katika hekalu la Horyu-ji huko Nara, Japani, kuna kabati la ibada la karne ya 7 lililopambwa kwa mabawa ya Chrysochroa fulgidissima, na vipande vilivyobaki bado vinang'aa. Mwaka 2002 dari la Ukumbi wa Vioo katika jumba la kifalme la Brussels lilifunikwa kwa mabawa zaidi ya milioni moja ya mbawakawa wa vito kutoka Asia. Hata visukuku vya Messel, Ujerumani, vyenye umri wa karibu miaka milioni 47, vimehifadhi mng'ao. Kwa hiyo mdudu wako wa kabatini akififia, usilaumu jua: ni mafuta ya mwili yaliyotoka nje. Mloweke katika asetoni usiku mmoja, kisha mwache akauke. Wenye unga au nywele nyingi usiwaloweke.

Lini, wapi, saa ngapi

Miombo ya Haut-Katanga, mkoa wa Lubumbashi, huanza kuchipua Septemba na Oktoba, kabla ya mvua. Kipindi kizuri ni tangu mvua za kwanza, mwishoni mwa Oktoba au Novemba, hadi Januari. Juni na Julai asubuhi zina baridi na wadudu wakubwa ni haba. Huo ni wakati wa kutafuta mabuu ndani ya kuni.

Kuna njia mbili, na kila moja ina saa yake. Kabla ya saa mbili asubuhi, mwili wa mdudu ukiwa bado na baridi, tandaza shuka jeupe au mwamvuli uliogeuzwa chini ya tawi, kisha gonga tawi mara tatu au nne kwa fimbo, haraka na kwa nguvu. Ukigonga polepole, pigo la kwanza linamwonya naye anakaza miguu. Ukigonga saa sita mchana, ataruka kabla hajafika kwenye shuka. Njia ya pili ni ya jua kali, saa nne hadi saa nane: unawatafuta kwa macho kwenye magogo na majani yenye jua. Nyavu ije kutoka nyuma, na kivuli chako kisimfikie. Kosa hili la kivuli huwapoteza wengi kuliko nyavu mbovu. Wingu likifunika jua, kaa chini usubiri. Jua likirudi nao hurudi kwenye gogo lilelile.

Kwa mbawakawa wa vito wanaokuja kwenye maua, weka mabeseni ya njano yenye maji na matone mawili ya sabuni ya maji kati ya majani wazi. Sabuni huvunja ngozi ya juu ya maji, na mdudu huzama badala ya kutembea juu yake. Yakusanye jioni hiyohiyo. Yakilala hadi kesho utakuta uozo.

Ukitoka mjini kwa barabara ya Kasenga au ya Kipushi, mpigie hodi shefu wa kijiji kabla ya kuingia porini, na waulize wachoma makala (mkaa) wapi wamekata miti karibuni. Hakuna anayejua vizuri kuliko wao. Ndani ya hifadhi za Upemba na Kundelungu usikusanye bila kibali cha ICCN, taasisi ya taifa inayosimamia hifadhi.

Wa magogo: Chrysobothris

Huyu ndiye wa kuanza naye, kwa kuwa makala yanamwandalia meza. Miti kama mutondo, muputu au mutobo, iliyokatwa na kulazwa ikauke kabla ya kuingia kwenye tanuru, humvuta mara tu gome linapopata joto la jua. Jike hutembea juu ya gogo kwa mwendo wa kukatakata, akichomeka ncha ya tumbo katika kila ufa kutafuta pa kutagia.

Ana milimita 6 hadi 20, bapa, na kutoka juu ni rangi ya gome: kahawia yenye shaba iliyofifia. Mtazame kwa lupe, kioo cha kukuzia. Kwenye kila bawa gumu, lile la juu linalofunika mgongo, kuna vishimo vipana vyenye kina kidogo, na ndani ya kila kishimo chembe ndogo zinawaka dhahabu au kijani huku pembeni pakibaki pa giza. Sasa mgeuze: tumbo lote ni shaba safi au kijani, upande ambao ndege hauoni mdudu akiwa ametulia. Akifungua mabawa kuruka, mgongo wa tumbo nao huwaka kwa sekunde moja, kisha anatua na kuzimika, na jicho lako linabaki kumtafuta mdudu wa kijani asiyekuwepo. Alama ya kuthibitisha ni mguu wa mbele: paja limenenepa na lina jino moja upande wa ndani.

Wembamba: Agrilus

Agrilus ina spishi zaidi ya 3,000. Ni miongoni mwa jenasi kubwa kuliko zote za wanyama. Kwa sababu hiyo usijidanganye kwamba utafika kwenye jina la spishi kwa picha ya simu. Wengi hutenganishwa kwa kuchunguza viungo vya uzazi vya dume, na ukiandika "Agrilus sp." umeandika sawa. Mwili ni mwembamba, karibu silinda, milimita 3 hadi 15. Hukaa juu ya jani lenye jua, mara nyingi jani la mti uleule buu lake linamoishi, kwa hiyo kuandika jina la mti hapa si pambo. Mara nyingine ndilo linalokata kesi.

Jenasi hii inastahili heshima ya mkulima na mtu wa misitu. Agrilus planipennis kutoka Asia aligunduliwa Michigan, Marekani, mwaka 2002, na tangu hapo ameua makumi ya mamilioni ya miti ya jenasi ya Fraxinus. Buu hula tabaka laini chini ya gome kwa njia ya kupindapinda. Njia zikizunguka shina, chakula kutoka majanini hakishuki tena na mti hufa kuanzia juu. Huko Marekani humtega kwa mitego ya rangi ya zambarau na ya kijani inayotundikwa juu mtini.

Wakubwa: Sternocera na Steraspis

Hawa ndio watu wanaowakumbuka tangu utotoni. Wote wanaweza kuvuka sentimita tatu, wote hupenda migunga, na wengi huwachanganya. Watenganishe hivi: tazama kati ya mabawa magumu, pale yanapokutana na kifua. Sternocera haonyeshi kile kipande kidogo cha pembetatu ambacho mbawakawa wengi wanacho, Steraspis anacho. Sternocera pia ni mnene, mgongo umeinuka, na kifua kimejaa vitobo. Wengine, kama Sternocera orissa wa kusini mwa Afrika, ni weusi wenye mabaka ya nywele za rangi ya krimu. Steraspis ni mrefu zaidi, na mng'ao wake ni wa kijani au shaba.

Tofauti yao kubwa haionekani mwilini. Buu la Steraspis hutoboa mti. Buu la Sternocera haliishi ndani ya mti hata siku moja. Hukaa udongoni na kula mizizi kutoka nje. Kwa hiyo ukipasua kuni zote za mtaa wa Katuba mjini hutampata.

Tafuta migunga, ikiwemo inayoota juu ya vile vichuguu vikubwa vya mchwa. Tandaza shuka kabla ya kugusa tawi, maana Sternocera akishtuka hukunja miguu na kuanguka, kisha hubaki kimya kwenye majani makavu kana kwamba amekufa. Nchini Zimbabwe na kaskazini mwa Afrika Kusini huokotwa alfajiri, hung'olewa mabawa na miguu, na kukaangwa. Ukikusudia kumla, hakikisha mti haukupuliziwa dawa.

Wengine kwa haraka

Sphenoptera ni wa shaba iliyochakaa au kijivu, wamechongoka mbele na nyuma, na mabuu yao huingia mizizi na mashina ya mimea midogo. Sphenoptera indica ni adui wa karanga huko India. Ukiona mmea wa karanga umenyauka peke yake, ung'oe na upasue shina kwa urefu kabla ya kulaumu ukame. Acmaeodera ni wadogo, wenye nywele na madoa ya njano, hula chavua. Mabawa yao magumu yameungana, hivyo huruka bila kuyafungua na hewani utadhani ni nyuki. Hapa ndipo kosa la kuwachanganya na Meloidae hutokea: Acmaeodera ni mgumu na hana shingo. Trachys ana milimita 2 hadi 4, karibu pembetatu, na buu lake huishi kati ya ngozi mbili za jani. Liinue jani kwenye mwanga utaliona linatembea.

Kusoma shimo na njia

Fundi seremala anaweza kumtambua mbawakawa huyu bila kumwona. Shimo la kutokea la Agrilus ni herufi D, upande mmoja umenyooka, upana wa milimita chache. La Chrysobothris na wengine wakubwa ni yai lililobanwa. Vishimo vya duara vya ukubwa wa kichwa cha sindano, vyenye unga laini unaomwagika, ni vya mbawakawa wa mbao kavu wa familia ya Bostrichidae. Njia nyembamba isiyo na unga, yenye kuta nyeusi, ni ya wale wanaopanda kuvu ndani ya mti.

Shida ni jamii ya papasi ndefu, kwa sababu mashimo yao nayo mara nyingi si duara. Usiamue kwa shimo tu, bandua gome. Njia ya mbawakawa wa vito ni bapa, imejazwa unga laini ulioshindiliwa kwa pinde zinazofuatana. Ya papasi ndefu ina nyuzinyuzi za mbao zilizochanganyika. Hata kipande cha makala kilichovunjika vizuri huonyesha njia hizo, kwa kuwa moto wa tanuru hauzifuti.

Buu lenyewe halina miguu, ni jeupe la krimu, na kifua chake kimepanuka na kubonyea kuliko sehemu nyingine yote. Juu ya kifua cha Chrysobothris kuna mfereji wa V iliyopinduliwa. Agrilus ana ncha mbili za kahawia mkiani. Ukiona ncha hizo, huhitaji kubahatisha tena.

Kwa nguzo na mapaa dawa ni rahisi: menya gome ndani ya siku chache baada ya kukata. Mayai hutagwa kwenye nyufa za gome, na mabuu machanga hula chini yake. Ukichelewa, buu huingia ndani ya mbao, na humo linaweza kukaa miaka. Buprestis aurulenta wa Amerika Kaskazini ameandikwa kutoka kwenye mbao baada ya miaka 51. Mbao kavu iliyomenywa haishambuliwi upya na hawa wa magomeni, kwa hiyo shimo kuukuu kwenye ubao wa dari si sababu ya kununua dawa.

Kwa miti ya matunda, Chrysobothris hutafuta shina lililochoka na lililochomwa na jua. Lubumbashi iko karibu nyuzi 11 na dakika 40 kusini, hivyo katika miezi ya kiangazi jua hupita upande wa kaskazini. Miche ipakwe chokaa shinani, hasa kaskazini na magharibi, tangu Mei, na imwagiliwe. Kupulizia dawa baada ya shimo kuonekana ni kazi bure: aliyekuwemo ameshatoka.

Kuwatoa kwenye kuni

Kata matawi yenye dalili vipande vya sentimita 40 hadi 60, paka nta ya mshumaa kwenye ncha ili yasikauke haraka, yatie kwenye pipa au bidon kubwa lisilopitisha mwanga. Toboa tundu moja ubavuni na ulipachike mdomo wa chupa angavu. Wakitoka hufuata mwanga na kuingia kwenye chupa. Wiki chache kwa wengine, mwaka na zaidi kwa wengine. Usitupe kuni baada ya msimu mmoja. Makosa ya kawaida ni mawili: kuloanisha mno, kuvu ikaua mabuu, na kuweka miti miwili tofauti kwenye pipa moja, ukapoteza jina la mti. Andika jina la mti na tarehe juu ya pipa siku ileile.

Kuua, kuchoma sindano, kuandika

Chupa ya kuulia iwe ya kioo, na karatasi laini yenye matone ya asetati ya etili. Vikopo angavu vya polistireni huyeyuka kwa mvuke huo na mdudu hunata humo milele. Kama huna, friza kwa saa 48. Umeme ukikatika katikati, anza kuhesabu upya, kwa sababu wengine huamka. Usiwahifadhi kwenye alkoholi wale wenye unga.

Sindano iwe ya chuma kisichoshika kutu. Sindano ya shaba nyeupe ikikutana na mafuta ya mwili hutoa ukoko wa kijani unaopasua mdudu kutoka ndani. Choma kwenye bawa gumu la kulia, robo ya kwanza ya urefu wake, na uache karibu sentimita moja juu ya mgongo pa kushikia. Kwa ganda la Sternocera toboa kwanza kwa sindano nene. Chini ya milimita 8 usichome. Gundisha ubavuni kwenye ncha ya pembetatu ya karatasi ngumu, ukiacha tumbo wazi lionekane. Aliyekauka mlainishe siku moja au mbili kwenye chupa yenye karatasi mbichi na tone la siki.

Karatasi ya maelezo ichukue nchi, mkoa, mahali, koordineti, mwinuko, tarehe yenye mwezi kwa tarakimu za Kirumi, mti, na jina la mkusanyaji. Iandikwe kwa penseli au wino usioyeyuka kwa asetoni, na ichomwe kwenye sindano ileile. Mdudu mzuri bila karatasi hiyo ni pambo tu. Hata mtaalamu wa chuo kikuu hawezi kumfanyia lolote.

Kwa picha, piga tatu: juu, chini na ubavu, pamoja na rula na jani la mti. Mkinge jua kwa karatasi nyeupe, la sivyo mng'ao utameza vitobo vyote.

Sanduku lifunge barabara. Miguu ya meza iwekwe kwenye mikebe yenye mafuta, maana siafu na sisimizi humaliza sanduku usiku mmoja. Ukiona vumbi la kahawia chini ya mdudu, kuna mabuu ya Dermestidae ndani yake: funga sanduku kwenye sashe (mfuko wa plastiki), litie kwenye friza wiki moja, litoe siku moja, kisha lirudishe wiki nyingine.